Mbuzi Wasiogawanyika wa Titus Kibodi

Pale Machakos mjini, chini ya dirisha la chuo cha komputa kilichopanga juu ya duka la mabati, kulikuwa na benchi, na benchi hilo lilikuwa na wenyewe. Muli alikaa upande wa kivulini kila siku ya Mungu. Aliitwa Wakili kwa sababu alihudhuria kesi za watu jinsi wengine wanavyohudhuria ibada, na sheria zote alizozijua alizipatia kwenye viti vya nyuma vya korti. Bartholomew, katekista aliyestaafishwa kabla ya wakati, walimwita Askofu ili kumpoza moyo. Kahawa ya tangawizi ilitoka kwenye birika la Luul, mama wa Kisomali aliyeuza na kusikiliza bila kuchangia. Na Titus, mwalimu wa komputa wa huko juu, jina lake la benchini lilikuwa Kibodi. Alhamisi hiyo ya mwaka 2001 Kibodi hakuwa na amani hata chembe. Jumamosi wazee wake wangekwenda Matuu, kwa kina mchumba wake Mwongeli, kwa mara ya tatu kusikizana idadi ya mbuzi wa mahari. Mara mbili walirudi bila kuelewana, na Mwongeli alishamwambia wazi kwamba hangoji mwaka mwingine.

— Shida si mbuzi, alisema Titus. Shida ni vile wazee wa Matuu wanagawana. Mume wa Loise, dadake Mwongeli, alipeleka ishirini na nne. Wazee walikuwa wanne. Kila mtu akachukua sita, akaenda kwake akiimba. Mwaka uliofuata wakarudi kuitisha zingine.

— Walionja, alisema Wakili.

— Mpaka leo jamaa analipa.

— Na wewe huko juu unafunza watoto wa watu nini?

Titus alishusha pumzi. Hakuna mtu wa benchi hilo aliyewahi kumuuliza kuhusu kazi yake ila kwa nia mbaya.

— Wiki hii wanaandika programu ya kupima namba. Unaipatia namba, inajaribu kuigawa na mbili, na tatu, na nne, inaendelea hivyo, inasimama kabla ifike namba yenyewe. Ikikosa yenye inaingia bila kubakisha, inaandika "haigawanyiki". Kama saba. Kama kumi na tatu. Kwa vitabu vya Kiswahili zinaitwa namba tasa.

— Hilo jina liache hapa hapa, alisema Askofu. Huwezi enda kwa wakwe kuomba mke na mbuzi tasa.

Wakili alitua kikombe chini. Titus alimjua: akitua kikombe ambacho hakijaisha, kuna mtu atapata hasara.

— Kibodi, dawa uko nayo na unalia. Peleka mbuzi zenye hazigawanyiki. Watakaa chini kugawa, itakataa. Watagombania ile imebaki. Na mtu amekosana na ndugu yake hawezi kuja na yeye kwako kuitisha zingine.

Titus alijua upuuzi akiusikia. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa namna hiyo hachagui cha kushika. Alipanda ngazi, akawasha mashine iliyo karibu na dirisha, akatoa kichwa nje.

— Haya, leteni namba.

— Ishirini na tano, aliita Wakili.

— Inagawanyika. Tano mara tano.

— Tisini na moja. Hiyo lazima ikatae, iangalie sura.

— Inagawanyika. Saba mara kumi na tatu.

— Hata hiyo? alisema Askofu. Na vile nimeitegemea zaburi ya tisini na moja miaka yote. Jaribu watoto wangu. Kumi na moja.

— Haigawanyiki.

— Nilijua. Mama yao alitaka kutoroka na nusu, akashindwa.

— Moja, alisema Wakili kwa upole.

Titus aliandika bila kufikiri, akabonyeza.

— Haigawanyiki, alisema, na papo hapo akajua amekwisha.

— Mmesikia? Mbuzi mmoja. Komputa imeamua.

— Hapana, hiyo ni makosa. Programu inaanza kugawa na mbili. Ukiipatia moja, inafika mwisho kabla ijaribu kitu. Inaona hakuna namba imeingia, inaipitisha. Moja haihesabiwi huko. Ni mimi sikuiambia.

— Basi kata rufaa.

Titus alirekebisha, akashuka akiwa amekunja uso. Alikuta mambo yamevuka Matuu, yamefika mbinguni.

— Angalia mitume, alikuwa akisema Askofu. Kumi na wawili. Hiyo inagawanyika na mbili, na tatu, na nne, na sita. Ndiyo maana mmoja aliuza mwenzake. Alipotoka wakabaki kumi na mmoja, na hao ndio walibeba injili.

— Si walimwongeza mwingine wakawa tena kumi na wawili? aliuliza Titus.

— Na si unaona vile makanisa imekuwa mingi?

Wakili aligeuza kikombe mkononi.

— Mzee wangu alituachia ekari kumi na mbili, tukiwa wanne. Tulikata tatu tatu asubuhi moja, na sasa hatusalimiani. Angeacha kumi na tatu, tungekuwa bado tunakaa pamoja tukibishana. Kibodi, hiyo maneno yako ingefika bungeni. Na hao wazee wakienda kortini na ile mbuzi imebaki, hakuna mtu atakuitisha kitu. Jambo likiwa kortini, watu wote wanafunga mdomo. Kesi ikiisha watoto wako wako chuo kikuu.

— Ishirini na tisa, alisema Titus. Nimeamua.

Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alijiona mjanja, na kahawa ikawa na ladha.

Ndipo Mwongeli akatokea upande wa soko, mfuko begani. Alishona nguo kwenye viwanda vya EPZ kule Athi River, na leo alikuwa ameomba ruhusa aende kwao mapema kusaidia kupika.

— Shemeji, karibu, alisema Wakili, na kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kifuniko, alimweleza njama yote kutoka mwanzo.

Mwongeli alisikiliza akiwa amesimama.

— Kwa hivyo mnataka baba zangu wakosane.

— Kidogo tu, alisema Askofu.

— Wakikosana Jumamosi, nani atabaki wa kukubali niolewe? Na nikipata mtoto, nitampeleka akaonwe kwa nani? Nikianza kwa mmoja, wengine watanuna.

Aibu ilimwingia Titus hadi masikioni. Siku zote hizo alikuwa akihesabu mbuzi, akasahau hao ni watu wa nani.

— Watakuwa wangapi? aliuliza.

— Wanaanza wanne. Chai ikitoka, watano. Nyama ikinukia, sita.

Titus alipanda ngazi mbili mbili. Aliigeuza programu: badala ya kutafuta namba inayokataa kila mtu, itafute ile ndogo kuliko zote inayowakubali wote, wakiwa wawili, watatu, hadi sita. Akabonyeza, akasoma.

— Sitini, alisema dirishani.

— Hiyo si mahari, alisema Wakili. Hiyo ni ranchi.

— Wakija wanne, wakija watano, wakija sita, kila mtu anapata sawa na mwenzake. Titus aliinama nje ya dirisha hadi mabegani. Nitalipa pole pole, hata kama ni mpaka nizeeke. Mwongeli, sitaki ukose kwenu.

Mwongeli aliinua uso, akamtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na furaha, na hakuificha. Luul alimmiminia kahawa bila kuulizwa.

— Titus.

— Eeh.

— Kuna baba mdogo anakaa Mlolongo. Walikuwa wamekosana na hao wengine, lakini wamepatana juzi.

— Ni vizuri.

— Wakiwa saba je?

Wakili alianza kuhesabu kwa vidole, vikaisha. Huko juu Titus alifuta sita, akaandika saba, akabonyeza. Mia nne na ishirini.

— Kibodi, aliita Askofu, komputa inasema nini?

Titus alifunga dirisha.