Mbishi na Mlango Aliokataa Kuuacha Wazi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, asanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake wa kiume, na nimepewa kazi hii kwa sababu wengine wote walisema watalia. Nitasoma maisha yake kwa utaratibu. Ila mjue kwamba tunao hapa wageni wawili kutoka kampuni iliyochapisha michezo yake ya video. Wanataka ruhusa ya familia watengeneze sehemu ya nne ya mchezo ambao marehemu aliumaliza kwa makusudi. Walitaka tuwajibu ofisini kwao. Tumeona tuwajibu hapa, mbele yake.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika chumba cha nyuma cha gereji ambako baba yetu alikuwa fundi wa malori. Baba alifuata kazi, nasi tulimfuata baba. Tulihama mno, hata mama akaacha kufungua baadhi ya masanduku. Kila kitanda kilipopakiwa, dada alimuuliza baba, "Huko tunakaa au tunapita?" Baba alisema tunakaa. Siku moja dada akamjibu, "Hata kule ulisema hivyo hivyo." Hapo ndipo baba alipompa jina la Mbishi, na halikumtoka tena. Hata mwalimu mkuu alilitumia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986 na kuimaliza 1992, akiwa amebadilisha sare mara nne. Alimaliza sekondari mwaka 1996, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa majengo, akahitimu mwaka 2000. Ndiko alikokutana na kompyuta, na toka siku hiyo hatukumwona tena mezani wakati wa chakula bila kumwita mara tatu. Ripoti yake ya mwaka wa kwanza ilisema ana kipaji ila ana mdomo. Mama aliisoma, akaikunja, akasema kipaji amekitoa kwa baba yake. La mdomo hakuligusa.

Mwaka 2001 aliajiriwa kuchora nyumba za watu. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa nzuri sana, ila kitanda hakikupita mlangoni. Mwenye nyumba aliita fundi wa samani akate miguu ya kitanda. Fundi alipomaliza, alimtazama dada juu mpaka chini.

"Nyumba yako nzuri, dada," alimwambia. "Tatizo watu wana tabia ya kulala."

Dada alibishana naye kuanzia mchana ule mpaka walipofunga ndoa, tarehe 17 Agosti 2002. Shemeji yetu ndiye huyo amekaa pale mbele. Walijaliwa binti mwaka 2003 na mwana mwaka 2006. Shemeji anasema hakuwahi kushinda ubishi hata mmoja ndani ya ile nyumba, na kwamba alikuwa na raha.

Mwaka 2008 aliacha kazi ya kuchora nyumba. Yeye na wenzake wawili, mwanamuziki na fundi wa programu, walikodi chumba juu ya duka la viatu wakaanza kutengeneza mchezo wao. Ndani ya mchezo mna bibi aliyefukuzwa nyumbani kwake. Amepakia kitanda, sufuria na kioo chake kwenye mkokoteni, anatafuta pa kukaa. Mchezaji anasukuma naye. Kupigana hakuna. Kuna milima, mvua, na watu wanaosema chumba kimeshachukuliwa. Ndugu wengi tulipoonyeshwa tulisifia mvua kwa heshima.

Mwaka 2011 kampuni ya wageni wetu ikautaka. Watu wakipewa mkataba hukimbilia ukurasa wa malipo. Dada alitafuta tarehe. Akakuta sehemu ya pili imepangiwa mwezi na mwaka wake, ya tatu mwezi na mwaka wake, hivyo hivyo mpaka ya saba, na kila sehemu sharti iishe "mhusika mkuu akiwa bado safarini". Wanasesere wa bibi, vikombe vya bibi na fulana za bibi vilikuwa vimeshatajwa. Bibi mwenyewe wakati huo hajachorwa hata viatu.

"Hiyo ni lugha ya kawaida ya mikataba, dada," wakili wao alimwambia.

"Lugha ya kawaida haina mwezi wa Novemba," alisema dada. "Mmeshajua bibi atakuwa wapi miaka kumi na minne ijayo. Barabarani."

"Si lazima tufike huko. Ni tahadhari tu."

"Sawa. Basi na yangu iandikwe."

Tahadhari yake ilisema hadithi itaishia sehemu ya tatu, kwa namna atakayoamua mwenyewe. Baada ya hapo haitatengenezwa sehemu nyingine bila ridhaa yake, na akifa, bila ridhaa ya warithi wake wote, akikataa hata mmoja, basi. Wakatia sahihi wakitabasamu, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba kuna mtu atanunua kizee na kitanda chake.

Watu walinunua. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 2012, ya pili 2014, na watu wa kila umri wakawa wanamwandikia dada kumuuliza kama bibi atafika. Yeye akawaahidi wote kwamba atafika. Na wageni wetu nao wakaanza kujuta kwa ile tahadhari.

Mwaka 2017 sehemu ya tatu ilikuwa tayari. Bibi anapata nyumba, anaweka kitanda, anatundika kioo, anafunga mlango. Basi. Msimamizi wa kampuni akaja mwenyewe mpaka juu ya duka la viatu. Nilikuwepo, nimepeleka feni.

"Mlango tunauomba uwe wazi kidogo tu," alisema. "Ufa. Na nje zisikike nyayo."

"Ufa wa nini?"

"Wa matumaini."

"Ya nani?"

Yule bwana alikunywa maji. Baadaye kampuni ikakataa kuutoa mchezo, ikampeleka dada mahakamani kwa kuchelewesha kazi. Kesi ilichukua miaka miwili. Kodi ya chumba cha juu ya duka iliwashinda, wakahamia karakana ya shemeji, wakafanya kazi katikati ya vumbi la mbao. Mwanamuziki alifundisha watoto kinanda ili ale. Hakuna aliyeondoka. Mimi nilimwomba dada aache ufa, yaishe. Alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Mtu kasukuma na mimi miaka yote hii kwa sababu nilimwambia tunafika," alisema. "Leo nimwambie tunapita? Wewe si ulikuwa kwenye yale malori?"

Mwaka 2019 mahakama ilisoma mkataba kama ulivyoandikwa. Mchezo ukatoka, na mlango ukafungwa. Ukiucheza mpaka mwisho, unabaki nje ya nyumba ya bibi, unamsikia akikoroma. Mkoromo ule ni wa marehemu. Shemeji aliurekodi kwa simu bila ruhusa, na marehemu alikana mpaka mwisho kwamba ni yeye. Tangu hapo vijana walimletea mikataba yao, naye aliwafundisha bure: tazama wamepanga kwenda mpaka wapi, halafu tafuta wewe umepangiwa kushuka kituo gani.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa juma na aliwabishia madaktari kwa adabu. Mwezi Aprili mwaka huu wa 2024, msimamizi yule yule alikuja wodini na maua na karatasi ya ridhaa. Dada alikuwa amelala. Mama ndiye aliyempokea, akampa kiti.

"Mwanangu, huyo bibi wa kwenye gemu," mama alimuuliza, "amefika kwake, hajafika?"

"Amefika, mama."

"Ana shida gani huko?"

"Hana shida."

"Sasa mnamtoa kwake mnampeleka wapi, na umri ule?"

Msimamizi aliacha maua, akaondoka na karatasi. Marehemu aliaga dunia tarehe 9 Juni 2024, saa tisa alasiri, hospitalini, mama akiwa amemshika miguu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Ilikuwa mapema mno, na sitasema vinginevyo kwa ajili ya kupendeza watu.

Siku iliyofuata wageni wetu walipiga simu, si kwa wote, bali kwa binti yake. Walimwambia sehemu ya nne itakuwa ukumbusho wa mama. Binti alitikisika, na haki yake. Alisema angependa kumsikia bibi tena. Tulimwacha afikiri, hakuna aliyemsukuma. Asubuhi tulimkuta sebuleni, kaka yake ameegemea bega lake, wameufungua mchezo pale mwisho, mlangoni. Akatuambia, "Sihitaji ya nne. Yupo humu, amelala."

Baba yetu alishatangulia. Marehemu ameacha mume, mama mzazi, binti, mwana, na mimi mdogo wake. Ameacha pia wenzake wawili wa karakanani, ambao sheria haiwahesabu, sisi tunawahesabu.

Wageni wetu, hao watano wa kwanza ndio mliokuwa mnawatafuta. Mkataba wenu ulihitaji mmoja tu akatae. Tumekataa watano, kwa akili timamu, mbele ya watu wote hawa. Karibuni mtupe udongo pamoja nasi, kisha mwende salama na karatasi zenu.

Amefanya kazi yake na ameimaliza. Mwacheni apumzike.