Bonifasi Chilumba na Vumbi la Karasha la Namungo

Bonifasi Chilumba aliajiriwa kuwa mtunza stoo wa karasha letu la kusaga mawe ya dhahabu, hapa Namungo, Machi 1993. Anastaafu tarehe 30 Juni 2008, baada ya miaka kumi na mitano, mitatu kabla ya wakati wake, kwa ushauri wa daktari.

Alitoka Nachingwea, alikokuwa karani wa ghala la korosho, akaja na tabia za huko. Hakuna kilichotoka stoo bila saini, hata ufagio. Wafanyakazi walimwita Mzee Saini, naye aliitika. Siku za mechi ndiye aliyekuwa mwamuzi wetu. Aliwahi kumtoa meneja kwa kadi nyekundu, na Jumatatu akaja kazini kama kawaida.

Mwaka 1996 tuliletewa barakoa kumi na mbili za kuzuia vumbi. Bonifasi aliziandika kwenye leja, akazifungia kabatini. Kwake, kifaa kilichotunzwa ni kile ambacho mkaguzi atakikuta kizima. Karasha lilisaga mawe makavu, na vumbi jeupe lilifika hadi dirisha la stoo. Awadhi, mwendesha karasha, alijifunga kitambaa puani na kumtania kila asubuhi: "Mzee Saini, hili vumbi nalo tulisainie wapi?" Bonifasi alicheka. Sote tulicheka. Mkaguzi alipofika 1998 alizikuta barakoa zote, mpya, akatusifu.

Awadhi alifariki Februari 2001, akiwa na miaka thelathini na minane, mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mawe. Daktari hakusema kwamba barakoa zingemwokoa. Aliyesema ni Bonifasi, siku ya arobaini, mbele ya mjane, Mwamina, akaomba radhi.

"Shemeji," Mwamina alimuuliza, "kwenye karasha wamebaki wangapi?"

"Tisa."

"Basi nenda kwa hao."

Alifungua kabati wiki hiyo hiyo, lakini hakuishia hapo. Alitufundisha kwamba barakoa ni kinga ya mwisho. Kwanza tujiulize kama vumbi linaweza kuzuiwa lisitoke kabisa. Akataka mawe yaloweshwe kabla ya kusagwa. Meneja alikataa: yakilowa yatanasa ndani ya karasha, na maji yako mbali. Bonifasi alibeba madumu mawili kwa baiskeli kila asubuhi, miezi mitatu, mpaka kampuni ikaleta tangi. Mawe yalinasa kweli, na bado yananasa. Kisha akahamisha benchi la chai upande upepo unakotokea, ili asiye na kazi karibu na karasha asikae karibu nalo. Barakoa zikafuata: kila mtu na yake, iliyochakaa inatupwa. Tangu 2004 tunapigwa picha ya kifua kila mwaka mjini Nachingwea.

Kati ya wale tisa, saba bado wako kazini. Mmoja amerudi Narung'ombe kulima. Wa tisa, Edwin, tulimzika mwaka 2005.

Picha ya mwaka jana ilionyesha vumbi katika mapafu ya Bonifasi mwenyewe. Likishaingia halitoki. Filimbi ya mwamuzi ameshamwachia mwingine. Anahamia Malolo na mkewe, Dorotea, kwenye shamba lao, ambako kwa sasa hulima mistari miwili, akaketi kuvuta pumzi.

Mwezi huu amekuwa akimkabidhi kazi mtunza stoo mpya, Anuari. Jumatatu iliyopita tangi lilikauka katikati ya zamu. Anuari alizima karasha bila kumuuliza mtu. Meneja alikuja akifoka, akaliona tangi, akarudi ofisini. Bonifasi aliyaona yote akiwa ameketi kwenye benchi la chai.

Mzee Bonifasi, tunakushukuru. Tunakuombea pumzi nyepesi na misimu mingi ya kulima.