Kifua cha Paka wa Fundi Cherehani

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mama fundi cherehani alipakata kapu lenye paka aliyehema kwa shida. Alimweleza jirani yake, muuza nyama, kwamba eksirei imeonyesha uvimbe kifuani, na leo daktari anataka kumpasua autoe.

"Kisha atamshona kwa mkono," alisema. "Mishono ya mkono siiamini, kaka."

"Dada, mimi nimefungua vifua vingi, sijafunga hata kimoja. Anayejua kufunga mheshimu."

Niliupokea ushahidi huo kwa unyenyekevu.

"Bora nirudi naye nyumbani."

"Akahemee huko mpaka lini?"

Basi likasimama mbele ya kliniki ya wanyama. Fundi hakuinuka. Muuza nyama akalinyanyua kapu bila kuomba ruhusa, akashuka nalo, fundi mbio nyuma yake. Sijawahi kuona mteja akimkimbilia muuza nyama kwa kasi ile.