Mstari wa Mbele Haukucheka: Kumkumbuka Della Prewitt

Haya nitakayowasimulia, wasikilizaji wapendwa, nimeyapata kwa Lorna Prewitt, Jumanne iliyopita, jikoni kwake, tulipokuwa tukimenya viazi vya watu wa msiba. Asubuhi hiyo tulikuwa tumemzika dada yake, Della. Lorna alimenya kwa hasira, nusu ya kiazi ikaenda na ganda, na sikumkataza. Gazeti lilikuwa pale mezani. Lilikuwa limempa Della mistari miwili: mwigizaji mdogo wa sinema bubu, aliyesifika kwa kuanguka ngazini.

Kusifika kwa kuanguka. Basi leo tusikilizane. Nitawaambia aliangukaje.

Della Prewitt alikuja Los Angeles kutoka Nebraska, wazazi wamekufa, mdogo wake kamshika mkono. Walipanga chumba Edendale, mtaa uliojaa studio. Alikuwa mkubwa wa mwili na mwepesi wa miguu. Katika vichekesho vile vifupi alikuwa mama mkwe, alikuwa mpishi, alikuwa shangazi asiyealikwa. Alipigwa pai usoni. Alitumbukizwa kwenye pipa. Jina lake halikuandikwa kwenye picha hata siku moja. Lililoandikwa ni la mwanamume mwembamba mwenye masharubu ya kubandika. Della hakumwonea wivu. Alikuwa akimwambia Lorna kwamba kofi halichekeshi. Anayechekesha ni yule anayelipokea.

Na kuanguka, wasikilizaji wangu, ni kazi ya kujifunza. Unakunja kidevu. Unatoa pumzi. Unaipa sakafu nyama, huipi mfupa. Na chini ya ngazi linawekwa godoro, limefichwa nyuma ya kitu, ili watazamaji wasilione. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Hakuna aliyeshuka ngazi kwa kichwa bila godoro.

Mwaka wa 1916, mwongozaji wao Harlan Bostick alichungulia kwenye kamera akaona pembe ya godoro imetokeza. Angeweza kulisogeza. Akaagiza liondolewe. Della alikuwa juu ya ngazi na sinia la vyombo, kamera imeshaanza kuzungushwa. Akamgeukia Bostick, uso kwa kamera.

"Harlan, rudisha godoro. Nitavunjika."

"Godoro ni wewe mwenyewe, bibie," Bostick akamjibu. "Shuka."

Watu wakacheka. Nje ya lango kulikuwa na wanawake wamepanga foleni, kila mmoja anaomba nafasi ya Della. Della akashuka.

Mfupa wa muundi ulivunjika. Akiwa pale sakafuni alisema mguu umevunjika, akawaomba waache kupiga picha. Hawakuacha. Katika kazi ile mpiga picha haachi kuzungusha mkono wa kamera mpaka mwongozaji aseme, na mwongozaji alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko.

Sikilizeni sasa ubaya ulivyoongezwa juu ya ubaya. Della yuko kitandani, mguu umefungwa plasta, Bostick akatangaza kwamba alikuja kazini amelewa. Della, ambaye hata divai ya kanisani ilimkunja uso. Neno likaenda studio hadi studio. Nani atampandisha mlevi ngazini? Mguu ungepona, lakini jina likishaharibika, Edendale yote imefungwa. Na mashahidi? Wote walikula mkate wa Bostick. Wote wakasema hawakusikia.

Halafu Bostick akafanya kosa la watu wa sinema bubu. Anguko lile akaliacha ndani ya picha, maana lilichekesha. Alidhani kisichosikika hakikusemwa.

Picha ikaanza kuonyeshwa mjini. Wiki haikuisha, wageni wawili wakabisha mlangoni kwa akina Prewitt, mwanamume na mwanamke, wamebeba pai ya tufaha. Lorna alikuwa na miaka kumi na minane na ulimi wa wembe. Aliwaambia kama wametumwa na Bostick, pai yao wakampe yeye, na wailenge usoni.

Mwanamke akacheka. Akasema yeye ni Cora Stroud, na huyu ni kaka yake Abner. Abner ni mpanga herufi kwenye kiwanda cha gazeti, na ni kiziwi tangu utotoni. Yeye na viziwi wenzake huenda sinema kila Jumamosi mchana, mstari wa mbele, kwa sababu mle ndani hakuna anayewazidi. Na wao, dada, husoma midomo ya waigizaji. Wanajua nani anatukana kwenye picha ya mapenzi.

Abner akaanza kusema kwa mikono, haraka, uso umemwiva. Cora akamtafsiria Della aliyekuwa kitandani.

"Anasema, ukumbi mzima ulicheka, sisi hatukucheka. Anasema, mama, tulikuona unaomba."

Lorna anasema hapo ndipo alipomwona dada yake akilia kwa mara ya kwanza. Siku ya kuvunjika hakulia.

Walikwenda kwa Bostick, Lorna, Abner na Cora, kumtaka afute uongo wake. Aliwapokea amesimama. Abner akamwonyesha neno kwa neno aliyoyasema Della siku ile. Bostick akamwambia Lorna, wala hakumtazama Abner, kwamba katika maisha yake ameona mashahidi wa kila namna, ila kiziwi wa kushuhudia maneno ndiyo kwanza anamwona. Cora hajatafsiri, Abner ameshamjibu kwa mikono.

"Mbona amekujibu unachosema, na hujamwangalia?" Lorna akamwuliza. Wakatolewa nje.

Jumamosi iliyofuata wakaenda ukumbini. Viziwi walijaza mstari wa mbele. Lorna na Cora walikuwa katikati yao. Picha ikafika kwenye ngazi. Kinanda kikashika mwendo wa furaha, watu wakaanza kucheka kabla ya wakati, maana wengine walikuwa wameshaiona. Ndipo viziwi wote wakasimama, wakaugeukia ukumbi. Na Cora akasema kwa sauti, sambamba na midomo ya Della:

"Harlan, rudisha godoro. Nitavunjika."

Della akaanguka. Cora akaendelea, "Mguu wangu umevunjika. Acheni kupiga. Tafadhali, acheni."

Mpiga kinanda akaondoa mikono. Ukumbi ukanyamaza, picha ikaendelea kuzunguka peke yake.

Mwenye ukumbi aliwafukuza. Lakini Jumatatu aliirudisha picha kwa Bostick, na kumbi nyingine zikamfuata. Studio ndogo ng'ambo ya barabara ikamwita Della, mguu ulipopona. Alifanya kazi miaka kumi na moja zaidi, akichechemea, bado bila jina kwenye picha. Humo ndani, akiwa mama mkwe wa mtu, alikuwa akimsalimu Abner kwa midomo, na mstari wa mbele ukicheka peke yake.

Bostick hakuomba radhi. Alizeeka vizuri, wakamwandalia karamu, wakamsifu kwa ngazi zake. Ngazi zake! Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kwa Lorna na ukoo wa Prewitt, kwa Cora, na kwa watoto wa marehemu Abner, pokeeni pole zetu. Msiba huu ni wetu sote. Nanyi mnaonisikiliza, siwaombi machozi. Nawaomba mjiulize ni mara ngapi tumeona mtu anaomba mbele ya macho yetu, tukamcheka kwa sababu sauti haikutufikia. Na hizo ngazi anazosifiwa mtu, ni nani aliyeanguka hapo?

Nimalizie na jioni ya Jumamosi ile. Lorna alirudi mbio kutoka ukumbini, akamkuta Della ameegemea mito. Tangu avunjike hakuwa amepata usingizi wa maana. Akifumba macho alisikia kicheko cha Bostick. Lorna akamweleza kila kitu, akiigiza mpaka uso wa mwenye ukumbi. Della akamwuliza jambo moja tu.

"Walicheka?"

"Mwanzoni, dada. Halafu wakanyamaza. Wote."

Della akauondoa mto mmoja, akajilaza.

"Nimewachekesha miaka saba," akasema. "Leo ndiyo wamenisikia."

Akageuza uso ukutani, akalala, jua halijazama. Lorna akabaki kwenye kiti miguuni pake, viatu bado mguuni, akimtukana Bostick kwa sauti ya chini, tusi baada ya tusi, akichagua yaliyo bora. Hata hakujua alifika tusi gani usingizi ulipomchukua.