Kitasa na Mke Aliyejibu Kabla ya Kuitwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama umekaa umeupa mlango mgongo, geuza kiti kwanza. Marehemu tunayemkumbuka leo angekusubiri ugeuze ndipo aanze.

Tunamkumbuka mwandishi wa riwaya za kutisha na tamthilia za wasiwasi, yule ambaye majirani walimwita Kitasa. Walimwita Kitasa kwa sababu kila alipotoka alifunga mlango, akaenda, akarudi kuujaribu, akaenda tena, akarudi tena. Mtu aliyetutisha sisi sote alikuwa mwoga. Si mimi ninayesema. Ni mjane wake, mama mshonaji, aliyenitazama usoni akaniambia, "Mume wangu alikuwa mwoga. Sema hivyo hivyo redioni, usimpambe."

Kabla ya vitabu, Kitasa alikuwa msoma mita za maji. Alipita nyuma ya nyumba za watu, akaziona upande ambao wageni hawaonyeshwi. Huko ndiko ilikotoka riwaya yake ya kwanza, Mita Inazunguka. Mnaikumbuka? Nyumba haina mtu. Mabomba yamefungwa. Lakini mita inazunguka, kila mwezi maji yanatumika, na msoma mita anatakiwa agonge mlango aulize. Damu hakuna, maiti hakuna. Kuna maji tu, nami niliisoma miguu nimeipandisha kitini. Halafu ikaja tamthilia yake, Aliyekaa Kiti Changu, ambayo watazamaji walitoka ukumbini wameshikana mikono, hata wasiojuana.

Sasa mwoga huyu aliandikaje? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa. Aliandika asubuhi, mlango wa chumba chake wazi, mkewe akishona chumba cha pili. Kila alipoandika jambo likamtia hofu, aliinua kichwa akaita, "Mama, upo?" Mkewe akajibu, "Nipo." Basi, kalamu inaendelea. Mke akichelewa kujibu, Kitasa hutokea mlangoni akijifanya anatafuta maji ya kunywa, na gilasi iko mezani kwake imejaa. Ndoa yao yote ilikwenda hivyo. Upo? Nipo.

Kisha masikio ya mama yakaanza kumwacha. Mtu akisema karibu naye, uso kwa uso, alimwelewa. Lakini sauti ya chumba cha pili haikumfikia tena, na daktari alimwambia wazi kwamba hali hiyo haitageuka. Binti yao, ambaye ni mfamasia, akamsihi amwambie baba. Mama akakataa katakata. Kitasa alikuwa katikati ya tamthilia mpya, waigizaji wamekwisha kukariri sehemu ya kwanza, na mama alijua kwamba mumewe akifahamu hakuna anayemsikia humo ndani, hataandika tena hata mstari.

"Baba yako asipoandika ni mgonjwa," alimwambia binti. "Niache nihangaike mimi."

Akahangaika kweli. Alikuwa na kile kioo kirefu ambacho wateja hujitazamia nguo. Akakisogeza, akakielekeza chumba cha mumewe. Humo kiooni alimwona kisogo, maana Kitasa aliketi akiukabili mlango wa nje. Kichwa kikiinuka, mama anajibu, "Nipo." Jicho moja kwenye sindano, jingine kiooni. Gauni za watu zikaanza kutoka mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi, na wateja wakanuna.

Tatizo ni kwamba mtu hainui kichwa ili aite tu. Huinua akifikiri. Huinua shingo ikimuuma. Kitasa akaanza kujibiwa bila kuita.

Alipoteza hamu ya kula, mashavu yakaingia ndani, mezani akawa anamtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Mama aliona kuna jambo, asijue ni lipi, mpaka alipopewa sehemu ya pili ya tamthilia aisome. Inaitwa Kabla Hujaniita. Mwanamume anaandika, mkewe anashona, na mke anajibu kabla ya kuitwa. Mwanamume anawaza, kisha anasema: "Kama si mimi niliyemwita, basi humu ndani yumo mwingine, na ana sauti yangu."

Mama aliposoma hapo aliziweka karatasi chini. Sasa afanye nini? Akimwambia ukweli, hofu itamtoka na tamthilia itakufa. Asipomwambia, anamwacha mume wake aogope ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akaamua: amalize sehemu ya tatu, siku hiyo hiyo nitamwambia.

Kitasa aliimaliza, akaipeleka mwenyewe kwa mwongozaji wa kikundi. Akarudi, akaketi mezani na karatasi mpya. Mama alikuwa anamalizia pindo la sketi, mteja anaisubiri palepale. Akajisemea, akiondoka huyu, namwambia. Kiooni kichwa kikainuka. "Nipo," akajibu. Kichwa kikainama. Hakikuinuka tena.

Daktari alisema ni moyo, na ulikuwa mbovu siku nyingi. Lakini nani angemwaminisha mama? Tangu msibani alikuwa na neno moja: nimemuua kwa hofu, amekufa akiniogopa mimi. Binti alimweleza habari za mishipa na dawa mpaka akachoka. Mama hakulala, hakushona. Kioo alikigeuzia ukutani.

Mwongozaji alipokuja kutoa pole, alimkuta katika hali hiyo. Akamsimulia sehemu ya tatu. Mwanamume anainua kichwa, mdomo ameufunga. Mke anajibu. Anainua tena, kimya. Mke anajibu tena. Hapo anaelewa kwamba hakuna mzimu, kuna mke asiyesikia, anayemtazama kiooni. Anacheka bila sauti mpaka machozi yanamtoka, kisha anaendelea kuandika, na kila baada ya muda anainua kichwa juu kabisa, ili kionekane.

"Alijua?" mama akauliza.

Mwongozaji akasogea karibu na uso wake. "Alijua, mama. Nilimuuliza mbona hakwambii. Akasema, akijua kwamba najua, atanyamaza, nami nitaandika na nani?"

Mama akakumbuka kwamba siku zile za mwisho kichwa kilikuwa kinainuka kama cha kuku anayekunywa maji. Yeye alidhani ni hofu imezidi. Alilia, halafu akakasirika, akasema mzee yule alijua yote akamwacha ajidunge vidole. Kisha akauliza jambo moja.

"Na ile ya mwisho? Aliinua kwa mchezo wetu, au alikuwa ananiita kweli?"

Alimuuliza mwongozaji. Alimuuliza binti. Akaniuliza na mimi.

Kwa mama mshonaji, kwa binti yake, na kwa waigizaji watakaopanda jukwaani wiki hii bila ya mwenye kazi, pokeeni pole zetu. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda humo nyumbani yupo mtu unayemficha jambo kwa kumhurumia. Huenda analijua, naye anakuficha kwamba analijua. Tulikuandalia muziki wa kufungia kipindi. Usiusubiri. Zima redio, nenda ukakae mbele yake, umwambie.