Mama Atu Anatuachia Vipeuo

Miaka thelathini na moja! Ndiyo aliyoitumikia Bi. Vaileth Mwankenja, Mama Atu wetu, mpangaji wa kurasa za vitabu vya hesabu katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa Tandika. Leo, tarehe 30 Juni, anastaafu. Wapo watakaosema miaka hiyo ni mingi. Hao hawajamwona akigombana na kompyuta.

Alipoajiriwa, alama za hesabu tulikuwa tunazichora kwa rula na kalamu ya wino. Bingwa nilikuwa mie. Profesa mmoja alikitazama kipeuo changu akauliza kama mashine iliyokichora tumeiagiza Ujerumani au Japani. Kisha ikaja programu ya kupangia vitabu, na Mama Atu akanivua ubingwa. Humo huchori kitu. Unaandika amri ya kipeuo, unafungua mabano, yale yaliyokunjika kiuno, unaweka namba zako, unafunga. Programu yenyewe inaezeka paa juu ya namba. Ukisahau kufunga, kitabu kizima kinagoma.

Yeye huwa hasahau. Akifungua mabano anayafunga papo hapo, ndipo anarudi kujaza katikati. Na tabia hiyo kaihamishia kwetu: ukianza kumsimulia jambo, anataka mwisho kwanza. Nilipoanza habari ya yule chatu wa Pugu niliyemshinda kwa mwavuli, akanikata: "Baba Mwamvita, alikufa au hakufa? Haya, sasa jaza." Jamani, hadithi itanoga vipi namna hiyo?

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kitabu cha hesabu cha kidato cha sita. Meneja alishatamka kwamba kisipoingia mtamboni kwa wakati, Mama Atu ataombwa abaki mwezi mmoja zaidi. Naye hakuwa na mwezi wa kumpa mtu. Jumatatu ya wiki iliyopita binti yake, Atuganile, alijifungua pale Mwananyamala, uzazi wa kwanza, na mzazi anamngoja mama yake aje amkande.

Jumanne asubuhi kitabu kikagoma. Mama Atu akalaumu umeme, akalaumu virusi, akamlaumu Ansbert wa mtamboni, akanilaumu na mie niliyepita tu na kikombe changu cha chai. Akakikata kitabu nusu kwa nusu, akajaribu kila nusu peke yake; iliyogoma akaikata tena, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele, mpaka ukabaki mstari mmoja. Kipeuo kimefunguliwa, hakikufungwa. Na mstari wenyewe ndio aliokuwa anauandika simu ilipolia kutoka hospitali! Naapa, programu isingegoma, paa la kipeuo kile lingefika Mbagala.

Tulicheka mpaka Ansbert akazima mtambo. Mwenyewe akafunga bano kwa kidole kimoja, akasema, "Huyo mjukuu atanilipa. Atasoma hesabu, atake asitake."

Kitabu kipo mtamboni. Sherehe hii tumeiweka mchana, si jioni, kwa sababu Atuganile ameshapiga simu: maji ya moto yapo jikoni. Kwa hiyo wenye hotuba ndefu, na mie nikiwemo, tuzimeze.

Mama Atu, asante kwa kazi na kwa makaripio yako yote. Mungu akupe afya, amani na usingizi wa mchana usio na kengele. Pilau lako tumeshalifunga. Nenda, dada, ukamkande mwanao.