Delfina Gavello na Mzabibu wa Nyuma ya Zizi

Delfina Gavello, binti wa Evasio na Marta Rapetti, alizaliwa tarehe 14 Februari 1948 kijijini Montarzo, katika vilima vya Monferrato. Alisoma shule ya hapa hadi 1959, baba yake alipougua, akashika jembe.

Tarehe 7 Oktoba 1972 alifunga ndoa na marehemu Ottavio Gavello katika kanisa hili. Walijaliwa mtoto mmoja, Renzo.

Novemba 1987, mashamba yote yakiwa yameshavunwa, aliona nyuma ya zizi lililobomoka mzabibu uliopanda juu ya mti wa mforosadi, zabibu zake nyeusi zikiwa bado zinaning'inia. Secondo, mdogo wake Ottavio, alikuja na shoka.

"Zee hilo halizai la maana, shemeji. Tupate kuni."

"Na wewe huzai la maana, lakini kila Jumapili tunakulisha."

Shoka likarudi nyumbani. Divai ya kwanza aliyoikamua kwa zabibu zile ilikuwa chungu. Ya mwaka uliofuata ilinukia pilipili manga na waridi kavu. Wataalamu hawakuufananisha mzabibu ule na wowote walioujua. Sisi tuliuita Tardigna, maana huchelewa kuiva. Tangu hapo wote waliooana bondeni humu walipewa naye vipandikizi vya Tardigna, vimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi.

Julai mwaka jana majani ya mzabibu ule yalijikunja, yakawa mekundu. Wapita njia wakasifu rangi. Delfina alishika matawi, akayakuta yamelegea kama mpira. Mwezi uliopita maabara ilithibitisha ugonjwa usio na dawa, unaoenezwa na mdudu, na pia na vipandikizi.

"Mama, tusiseme," Renzo alimwomba. "Watasema tumewaharibia mashamba."

"Si tumewaharibia? Moyo huu hautanifikisha mlango kwa mlango. Siku ya kunizika watakuwepo wote. Wasomeeni haya."

Alifariki nyumbani kwa maradhi ya moyo tarehe 3 Septemba 2024.

Ameacha mwana, Renzo, mkwe, Ivana, wajukuu, Bianca na Tobia, na shemeji yake Secondo.

Kwa agizo lake, leo hakuna chakula baada ya maziko. Kila aliyepewa kipandikizi apite shambani kwake kabla ya giza. Majani yakiwa mekundu, aung'oe mzabibu pamoja na mizizi, auchome. Yakiwa kijani, asikate kitu. Amwite Renzo, kwa sababu huenda ndiyo Tardigna pekee iliyobaki. Moshi mnaouona kule juu ni wa mzabibu wetu.

Mungu ampumzishe Delfina kwa amani.